Zana ya kumtafutia ejenti historia ya Git: tunayoamini na yalivyo kweli

Timu nyingi ninazozijua hapa Dar zimeshaanza kumpa ejenti wa AI (programu ya AI inayokufanyia kazi yenyewe) zana ya kuchungulia historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la kodi, yaani ukimuuliza nani kabadilisha nini na lini anaenda kutafuta kwanza ndo anajibu. Zana yenyewe inaandikwa haraka tu, ila kwenye maelezo mtu anaweka "inatafuta komiti" (komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git), basi, kamaliza. Hapo ndo majanga yanaanza, na mengi yanatokana na mambo tunayoyaamini bila kuyapima.

"AI ishaijua Git, ya nini kumwelezea?"

Git anaijua kweli, ipo tangu 2005 na maandishi yake yamejaa mtandaoni. Zana yako ndo asiyoijua. Kwenye MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na zana ulioachiwa na Anthropic Novemba 2024, ejenti anapewa jina la zana, maelezo yake na vigezo inavyopokea, kilichomo ndani hakioni. Kama zana inakata majibu ikifika komiti 50 na hujasema, ataona 50 na kuamini ndo zote. Kama inaangalia branchi (tawi la kazi) moja tu na hujasema, atakwambia kazi iliyoko kwenye branchi nyingine haijafanyika.

"Jibu likirudi tupu, basi hakuna kilichoguswa"

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Jaribu mwenyewe, andika `git log -- makatto.py` wakati faili lako linaitwa `makato.py`. Git hailalamiki wala haitoi kosa, inakaa kimya na kumaliza kama vile kila kitu kiko sawa, kimya kilekile ambacho ungekipata kama kweli hakuna kitu. Sasa bosi anauliza nani kagusa hesabu za makato ya wateja, herufi moja imezidi, na ejenti anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba hakuna aliyegusa, na watu wanaanza kutafuta tatizo sehemu nyingine kabisa.

Halafu kuna repo, yaani folda za mradi na historia yake, zilizovutwa kwa `--depth 1`, tunazipenda kwa sababu zinabana bando, na mashine nyingi za kujengea programu zinavuta hivyohivyo. Humo historia ni komiti moja, kwa hiyo kila mstari unaonekana umeandikwa na mwenye hiyo komiti. `git rev-parse --is-shallow-repository` inakujibu kama repo imekatwa, kwa hiyo zana iangalie hilo kabla haijajibu, na kwenye maelezo andika wazi: "Ikirudi tupu usiseme haijabadilika, hakikisha kwanza faili lipo kwa jina hilo na repo haijakatwa." Mimi ningeliweka hilo hata kwenye jibu lenyewe, si kwenye maelezo tu.

"`git blame` inamtaja aliyeandika mstari"

Inamtaja aliyeugusa mwisho, na hiyo tofauti inaweza kumchafulia mtu jina. Chukua mstari `kiasi = int(kiasi)`, ule unaodondosha senti. Aliyeuandika ni mtu wa zamani, ila kijana aliyekuja fildi akapanga nafasi za faili zima vizuri, na blame ikabaki na jina lake. Ejenti anasoma, anaandika ripoti, kijana anaitwa ofisini kwa kosa ambalo si lake. Ongeza `-w` ili mabadiliko ya nafasi yasihesabiwe, `-C` kwa mistari iliyohamishwa, na kutafuta lini maneno yaliingia tumia `git log -S`. Zile komiti kubwa za kupanga faili ziorodheshe kwenye faili la komiti ambazo blame izipuuze (`--ignore-revs-file`), Git inalikubali tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019. Na kwenye maelezo usiandike "mwandishi wa mstari", andika "komiti ya mwisho kuugusa".

Tarehe nazo hivyohivyo. Komiti ina tarehe 2, ya kuandikwa na ya kuingizwa, `git log` inakuonyesha ya kwanza ila `--since` inachuja kwa ya pili. Sema zana yako inatumia ipi, na saa ni za wapi.

"Maelezo yakiwa marefu ndo anaelewa zaidi"

Hapana. Yanaingia kwenye mazungumzo kila mara na yanakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI inahesabu), unalipia. Lini aitumie, lini asiitumie, mfano mmoja, mipaka yake. Inatosha.

"Inasoma tu, haiwezi kuleta madhara"

Ujumbe wa komiti anauandika yeyote anayechangia, na mtu anaweza kuweka humo maagizo ya kumpotosha ejenti, kwa hiyo maelezo yaseme kinachorudi ni data, si amri. Hiyo peke yake haitoshi, ejenti huyohuyo asipewe ruhusa ya kutuma vitu nje. Na ile nenosiri ya database uliyoifuta kwenye faili bado ipo kwenye historia, `git log -p` inaitoa kama ilivyo. Ibadilishe hiyo nenosiri kabla hujamfungulia ejenti repo.