Mto mwembamba hauleti handaki fupi

Wengi wanaosubiri kivuko kati ya Pangani mjini na Bweni, mkoani Tanga, huuliza kwa nini lisichimbwe handaki fupi la barabara chini ya mto, maadamu mto wenyewe si mpana. Lakini upana wa maji hauamui urefu wa handaki. Kinachoamua ni kina na mteremko.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sakafu ya mto iko mita 10 chini ya maji. Norwei, yenye uzoefu mkubwa wa kazi hii, kwa kawaida huacha mwamba wa mita 50 juu ya paa. Ongeza mita 6 za kimo cha handaki: barabara inashuka mita 66. Kwa mteremko wa asilimia 5, hiyo ni mita 1,320 kila upande. Ukiongeza mteremko ili kufupisha njia, malori yenye shehena huchemsha injini na breki. Katika handaki la Oslofjord nchini Norwei, lenye mteremko wa asilimia 7, lori liliwaka moto mwaka 2011.

Tena mlangoni mwa mto hujaa mchanga na tope, visivyohesabiwa kuwa mwamba. Kila mita yake huongeza mita 20 za barabara kila upande. Daraja la mita 525 lililopangwa Pangani ni uamuzi sahihi kabisa.

Na handaki huvuja daima. Kwa makadirio ya lita 300 kwa dakika kila kilomita, hili lingeingiza zaidi ya mita za ujazo 1,100 kwa siku, maji ya chumvi yanayokula pampu. Tangi la kukusanyia maji hayo chini kabisa mwa handaki lazima libebe ya siku nzima, maana umeme ukikatika pampu husimama.