Chembe za usaha kwenye mkojo si lazima iwe UTI

Watu hunitumia picha za karatasi za majibu ya mkojo, na swali karibu huwa lile lile: "Wameandika chembe za usaha 4 hadi 6, kwa hiyo UTI haijaisha?" UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi anayeuliza ameshameza antibayotiki dozi mbili tatu, ameambiwa ana "UTI sugu", na hakuna hata siku moja mkojo wake ulipooteshwa, yaani kuwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa. Nikiwa mtu wa maabara inaniuma, kwa sababu karatasi ile peke yake haikusema hayo.

Chembe za usaha ni seli nyeupe za damu. Tunazungusha mkojo kwenye mashine, tunamwaga maji ya juu, tunaweka tone la mashapo kwenye kioo, kisha tunahesabu kwa hadubini. Mtu asiye na ugonjwa wowote anaweza kuwa nazo hadi 5 katika kila eneo linaloonekana kwa mara moja. Basi "2 hadi 4" ni majibu ya kawaida kabisa. Hata zikiwa 20, zinachosema ni kwamba kuna kitu kinasumbua njia ya mkojo au jirani yake. Inaweza kuwa UTI kweli. Inaweza pia kuwa kisonono, klamidia, mawe, kichocho, au kifua kikuu cha figo, ambacho hutoa usaha lakini ukiotesha mkojo kwa njia ya kawaida hakioti kitu.

Mimi kabla ya kutazama namba ya usaha hutafuta kwanza mstari wa seli za epithelia, zile seli bapa za ngozi. Zikiwa nyingi, mkojo huo umeosha ngozi ya nje, au uke, kabla ya kuingia kwenye kikopo, na usaha na bakteria wanaoonekana humo huenda hawakutoka kwenye kibofu. Hapo kinachotakiwa ni kikopo kingine, si dawa. Nawa mikono, jisafishe kwa maji, mwanamke atenganishe mashavu ya uke, anza kukojoa chooni, kinga ule wa katikati, umalizie chooni. Ufike maabara ndani ya saa 2. Kwa joto la Dar es Salaam, kikopo kilichokaa dirishani tangu asubuhi huzalisha bakteria chenyewe. Kama hakuna jinsi, weka kwenye friji. Hapo unavumilia hadi saa 24.

Kijiti chenye viraka vya rangi, kile kinachochovywa kwenye mkojo, nacho kina masharti yake. Kiraka cha naitraiti hubadilika pale bakteria, hasa E. coli ambaye ndiye chanzo cha UTI nyingi, wanapogeuza naitrati ya kwenye mkojo kuwa naitraiti. Wanahitaji kama saa 4 kibofuni, ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora. Naitraiti ikionekana na mtu anaumia akikojoa, naiamini. Isipoonekana haifuti UTI, kwa kuwa wako bakteria wasioitengeneza kabisa. Na chupa ya vijiti ikiachwa wazi kwenye hewa ya unyevu ya pwani, kiraka hicho kinaweza kugeuka waridi bila bakteria yeyote. Mtupie mhudumu macho: afunge chupa, na asome kwa saa, si kwa kukisia.

Sukari kwenye mkojo inataka kipimo cha damu. Protini kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, hasa presha ikiwa imefika 140/90, ni jambo la siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ijayo.

Damu, kama si ya hedhi, na wewe unatoka Kanda ya Ziwa au Pemba, omba kupimwa kichocho. Hapo kanuni inageuka: tunataka matone ya mwisho, yaliyotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi.

Kama UTI imerudi tena na tena, omba mkojo uoteshwe, na utoe kikopo kabla hujameza kidonge cha kwanza. Kwa kawaida tunatafuta bakteria wa aina moja wanaofika 100,000 kwa mililita. Asiye na maumivu wala homa, na si mjamzito wala hasubiri upasuaji wa njia ya mkojo, mara nyingi hahitaji dawa hata wakiota. Majibu huchukua siku 2 au 3, na karatasi hiyo itataja jina la bakteria, kisha orodha ya dawa: yenye herufi S inamweza, yenye R imeshindwa.