Wanajimnastiki wa Sweden wa 1908: watu wanawaelewa vibaya

Ukitaja bingwa wa Olimpiki wa jimnastiki watu wanawaza mtu anajipindua hewani mara tatu kisha anatua, kwa hiyo wakikutana na jina la Carl Hårleman, Msweden aliyezaliwa 1886, wanadhani na yeye alishinda dhahabu kwa sarakasi zake peke yake. Hapana jamani.

Dhahabu ile ya London 1908 ilikuwa ya timu, na timu yenyewe sio watu watano kama siku hizi, sheria iliruhusu kikosi cha watu kuanzia 16 mpaka 40, wanaingia uwanjani wote pamoja, wanapewa nusu saa waonyeshe mazoezi yao na majaji wanawapa pointi. Sweden walipata 438, Norway 425, Finland 405. Hakuna staa pale, mmoja akichelewesha mkono kila mtu anaona, na mimi nasema hiyo ni kazi nzito sana kuliko watu wanavyoichukulia.

Halafu kuna wale wanaosema ah, hayo yalikuwa mazoezi mepesi ya asubuhi tu. Sivyo: mfumo wa jimnastiki wa Sweden ulitoka kwa Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo Stockholm mwaka 1813 kufundisha walimu na wanajeshi, na ndani yake kulikuwa na kupanda kamba, kuning'inia kwenye ngazi za ukutani, kuruka vihunzi vya mbao. Lengo lilikuwa afya, mkao na nguvu ya mwili mzima, kujionyesha hakukuwemo.

Na Hårleman hakuwa wa jimnastiki tu, alikuwa pia mruka kwa upondo. Enzi hizo unaruka na unatua kwenye mchanga, hakuna godoro! Mwenzake Bertil Uggla alichukua shaba ya upondo Stockholm 1912 kwa mita 3.80, halafu 1924 akaja kuchukua shaba nyingine kwenye pentathloni ya kisasa, shindano linalounganisha michezo mitano. Kushika michezo miwili mitatu lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Ila tusizidishe sifa pia, maana wapo wanaoamini Sweden walitawala jimnastiki yote. Si kweli. Mashindano ya mtu mmoja mmoja 1908 yalichukuliwa na Alberto Braglia wa Italia, na 1912 akachukua tena palepale Stockholm, nyumbani kwa Waswidi. Mwaka huo timu ziligawanywa kwa mifumo, Italia wakashinda ule wa Ulaya, na ule wa Sweden ulikuwa na timu tatu tu: Sweden wenyewe, Denmark na Norway.

Kuhusu medali, wapo wanaosema eti haikuwa dhahabu halisi, ilikuwa fedha iliyopakwa dhahabu kama za sasa. Za 1908 zilikuwa dhahabu kweli, ndogo lakini kweli, na 1912 ndo ikawa mwisho.

Mashindano ya mfumo wa Sweden yalirudi mara moja tu, Antwerp 1920, Sweden wakashinda tena, baada ya hapo yakafutwa Olimpiki.