Kwa Nini Kuiondolea Picha Rangi Hakutoshi Kuifanya ya Kale?

Oktoba, jacaranda zikichanua Nairobi, mpige picha mwanamume mwenye shuka nyekundu chini ya mti, matatu yenye mstari wa manjano ikipita nyuma yake. Iondolee rangi, ipake hudhurungi. Bado kila mtu ataona ni ya juzi. Kwa nini?

Siri iko katika jinsi rangi zinavyogeuzwa kuwa kijivu. Programu nyingi huiga jicho la binadamu: hesabu moja ya kawaida huchukua takriban asilimia 59 ya kijani, 30 ya nyekundu na 11 tu ya buluu. Vioo vya kupigia picha vya zamani, yaani vipande vya kioo vilivyopakwa dawa inayonasa mwanga, vilikuwa kinyume. Dawa yake ya fedha iliitika buluu, nyekundu haikuiona kabisa. Mnamo 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukiitia rangi fulani, dawa hiyo huanza kuona kijani. Vioo vya kuona rangi zote vilianza kuuzwa 1906, miaka saba baada ya reli kufika Nairobi.

Basi igawe picha katika chaneli zake tatu, yaani tabaka za nyekundu, kijani na buluu, ubaki na ya buluu. Shuka inakuwa nyeusi tii. Mstari wa matatu unazama gizani, maua ya jacaranda yanang'aa kama pamba, na anga inakuwa nyeupe tupu, mawingu hayaonekani. Ngozi yetu ya kahawia nayo inatoka nyeusi kuliko ilivyo. Ndiyo maana nyuso za wazee wetu katika picha za enzi zile mara nyingi zimemezwa na giza: kioo ndicho kilichoshindwa kuziona. Mimi nikitengeneza picha ya nyanya ya mtu, hurudisha nyekundu kidogo usoni. Siwezi kumpoteza mtu kwa ajili ya ukale.

Chaneli ya buluu ya simu huwa na chengachenga nyingi, na hapo ndipo inapofaa kuipa picha sura ya mchoro wa brashi. Katika mbinu iitwayo Kuwahara, kila pikseli, nukta ndogo ya picha, hutazama vipande vinne vinavyoizunguka, ikachukua wastani wa kile chenye mchanganyiko mdogo zaidi. Chenga hupotea, lakini mpaka wa bega na ukuta hubaki wazi, kama uliopitiwa na brashi pana.

Hudhurungi huja mwisho. Wengi huidhania uzee, kumbe studio nyingi ziligeuza fedha kuwa sulfidi ya fedha kwa makusudi, kwa kuwa hiyo hudumu zaidi. Picha hizo zilikuwa za kahawia tangu siku ziliposafishwa. Uzee huanzia kwenye weupe: karatasi hugeuka manjano, na sehemu za mwanga ndizo hufifia kwanza. Kwa hiyo paka manjano hafifu penye weupe, vivuli uviache na giza lake.