Treni za Ulaya hazichelewi? Kwanza tuelewane tunahesabu nini

Kazi yangu ni kupanga ratiba za treni barani Ulaya, na kwa sababu hiyo kila treni inapochelewa huko nyumbani mimi hupokea ujumbe uleule kutoka kwa ndugu na marafiki: kwamba huku treni ikiandikiwa saa mbili na dakika tatu hufika saa mbili na dakika tatu, kwa kuwa wenzetu wana nidhamu. Juzi nimeupata tena, na safari hii aliyeuandika ni msomi, tena ameitaja Ujerumani kuwa ndiyo mfano. Nimeamua kujibu kwa maandishi ili siku nyingine nitume kiungo badala ya kubishana.

Tuanze na Ujerumani yenyewe. Mwaka 2022 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 65.2, mwaka 2023 asilimia 64, na mwaka 2024 asilimia 62.5. Sababu zinajulikana na sitakaa nazo sana: miundombinu iliyochakaa, stesheni kuu kama Köln, Frankfurt na Hamburg zilizolemewa na wingi wa treni, na reli zilezile kutumiwa na treni ya kasi, ya mikoani na ya mizigo. Hali ilifika mahali ambapo njia ya kilomita 70 hivi kati ya Frankfurt na Mannheim, mojawapo ya zenye shughuli nyingi zaidi nchini humo, ilifungwa kabisa kwa miezi mitano mwaka 2024 ili ifanyiwe ukarabati.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa, nalo ni hiyo asilimia. Watu huinukuu kana kwamba ni joto la mwili, ambalo kipimajoto chochote kitalisoma vilevile, ilhali kila nchi ina ufafanuzi wake wa kuchelewa. Nchini Ujerumani treni iliyochelewa kwa chini ya dakika sita imefika kwa wakati. Nchini Uswisi mpaka ni dakika tatu. Ufaransa huongeza uvumilivu kadiri safari inavyorefuka: dakika tano kwa safari isiyofika saa moja na nusu, kumi kwa safari ya hadi saa tatu, na kumi na tano kwa inayozidi hapo. Uingereza kwa miaka mingi ilitazama kituo cha mwisho tu, kwa uvumilivu wa dakika tano au kumi kutegemea aina ya treni, na matokeo yake mpangaji yeyote mwenye akili angeyatabiri: dakika za ziada zilirundikwa kabla ya kituo cha mwisho, treni ikachelewa njiani kote kisha ikaingia mjini "kwa wakati". Baadaye wakaongeza kipimo kikali zaidi, kinachotazama vituo vya njiani kwa uvumilivu wa dakika moja, na namba zikaporomoka ingawa treni zilikuwa zilezile.

Kuna lililo baya zaidi ya hilo. Katika hesabu ya Ujerumani, treni iliyofutwa haihesabiwi kuwa imechelewa, kwa sababu haikufika. Chukua treni iliyochelewa kwa dakika 70 inayokaribia mwisho wa safari yake. Ikiendelea hadi kituo cha mwisho, safari yake ya kurudi nayo itaondoka kwa kuchelewa, na ya baada yake pia, hadi usiku. Kwa hiyo inasimamishwa vituo viwili kabla ya mwisho, abiria wanaombwa kushuka na kupanda treni nyingine, nayo inageuzwa irudi ilikotoka kwa wakati wake. Vituo viwili ilivyoviruka haviingii kwenye hesabu ya ucheleweshaji. Kiutendaji uamuzi huo mara nyingi ni sahihi, na ningekuwa kwenye meza ya udhibiti, wanakoamua treni ipi iende na ipi isubiri, huenda ningeuchukua mimi mwenyewe. Lakini mama aliyeachwa jukwaani na watoto na mizigo hayumo katika takwimu yoyote ya kuchelewa.

Uswisi ndiyo huletwa mbele yangu ninapokwisha kusema hayo. Ni kweli kwamba mwaka 2024 shirika lao la reli, SBB, liliripoti kuwa asilimia 93.2 ya abiria walifika kwa wakati. Lakini soma vizuri: abiria, wakiwemo wa safari fupi, si treni za masafa marefu peke yake. Kuiweka namba hiyo kando ya ile ya Ujerumani bila maelezo si haki. Hata hivyo nakiri kwamba pengo lipo na ni kubwa, na ufafanuzi wowote utakaotumia halitafutika.

Ila haliletwi na nidhamu. Mjini Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani na Ujerumani, lugha ni Kijerumani upande wa Uswisi na upande wa Ujerumani, na sijaona tabia ya binadamu ikibadilika kwa kuvuka mpaka tu. Kilichobadilika ni mpango. Mwaka 1987 Waswisi walipigia kura mradi wa Bahn 2000, ambao ulianza na ratiba kisha ukauliza ni reli gani inahitajika ili ratiba hiyo iwezekane. Walitaka treni zikutane kwenye stesheni kuu muda mfupi kabla ya saa kamili na kutawanyika muda mfupi baadaye, hivyo safari ya Zürich hadi Bern ilibidi ichukue chini ya saa moja. Wakajenga reli mpya kati ya Mattstetten na Rothrist, na Desemba 2004 ratiba mpya ikaanza. Hawakutafuta kasi kubwa kuliko iliyohitajika. Na treni ya Kijerumani ikifika Basel imechelewa mno, mara nyingi safari yake huishia hapo, na treni nyingine iliyowekwa tayari huondoka kwa wakati badala yake.

Vitabu vyetu huandika habari za muda wa akiba, yaani dakika anazoongeza mpangaji ili treni iweze kufidia ilichopoteza, kana kwamba kuna kanuni inayotoa jibu moja. Kwa uzoefu wangu, tunaigiza safari za treni kwenye kompyuta, tunabishana, kisha mwenye mamlaka anachagua. Ukiongeza dakika, unawachelewesha abiria wote kila siku ili kuwaokoa baadhi yao siku mbaya, tena unakula nafasi ya treni nyingine kwenye reli ileile. Ukipunguza, hitilafu moja ya asubuhi huambukiza treni za mchana. Sina hakika kwamba tunajua mahali pa kusimama.

Vilevile sina hakika kuhusu kusubiriana. Treni moja imechelewa kwa dakika nane na ina abiria kumi wanaotaka kuingia katika nyingine yenye abiria mia nne, ya mwisho usiku huo kuelekea kijijini kwao. Kipimo kinachohesabu treni kinasema hiyo ya pili iondoke bila kusubiri. Mtu wa meza ya udhibiti ana dakika moja au mbili za kuamua, na uamuzi wowote atakaoufanya, asilimia ya mwezi huo haitaeleza aliyeachwa alifikaje nyumbani.