Asilimia zikishuka, msimshuku mama

Wiki hii tena. Kijana wa Mombasa kanitumia picha za matokeo ya vipimo vya DNA vya familia yake, vile vinavyokadiria asili ya mtu kwa asilimia. Mama alikuwa na Iran asilimia 11. Baada ya kampuni kusasisha makadirio, Iran imebaki 3 na Uarabuni imepanda hadi 9. Dada yake hana Iran kabisa. Akauliza, "Daktari, kweli tumechangia baba?" Nimeshaona ndugu wakiacha kusemezana kwa ajili ya swali hili, na linaniumiza, kwa sababu asilimia hizo haziwezi kulijibu.

Mate ya mama yalisomwa mara moja tu, alama za DNA laki sita au saba hivi, na faili lile halijaguswa tangu hapo. Kinachobadilika ni kundi rejea, yaani watu wa asili inayojulikana ambao DNA ya mteja hulinganishwa nao. Mwaka 2018 kampuni ya vipimo ya AncestryDNA walipanua la kwao kutoka sampuli 3,000 hivi hadi 16,000. Watu wa Uarabuni wakiongezwa, kipande kilichowekwa Iran kwa kukosa jirani wa karibu zaidi huhamia kwao. Kipande ni kilekile.

Pwani yetu nayo ni ngumu kuisoma. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, kutoka makaburi ya Kilwa, Manda, Mtwapa na kwingineko, ulionyesha wanawake wa Kiafrika wakizaa na wanaume wenye asili ya Uajemi tangu karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Kiarabu ikaongezeka. Tabaka hizo zimelaliana ndani ya mtu mmoja. Mimi, chini ya asilimia 5, siiamini programu yoyote kutenganisha Iran na Uarabuni. Kutenganisha makundi ya Wabantu wa Mashariki kwa asilimia naamini hata kidogo zaidi, na natamani wenzangu tungelisema hilo waziwazi.

Sasa ndugu. Mama mwenye asilimia 12 ya asili fulani humpa mtoto 6 kwa wastani. Kwa wastani! Kromosomu hukatwa na kuungwa upya kila yai linapotengenezwa, hivyo mmoja hupata 9, mwingine 3, tumbo lilelile, baba yuleyule. Juu ya hayo, programu nayo hukosea: inabahatisha upi ni uzi wa DNA uliotoka kwa mama na upi wa baba, ndiyo maana mtoto huweza kuonyeshwa asili ambayo wazazi wote wawili hawakuonyeshwa.

Swali la baba hujibiwa na sentimogani, kipimo cha urefu wa DNA ambayo watu wawili wanashiriki. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki 2,600 hivi. Wa mzazi mmoja, 1,750 hivi. Viwango hivyo hupishana, kwa hiyo natazama sehemu zinazolingana kwenye nyuzi zote mbili, ambazo kwa ndugu kamili hufika karibu robo ya DNA yote. Kwetu, binamu wanakooana kizazi hadi kizazi, hata hilo huchafuka, na hapo huomba baba mwenyewe apimwe.

Kwa kijana huyu haikuhitajika. Yeye na dada yake wana 2,580, na ile robo ipo. Nimemwomba ampime bibi yake mzaa mama, ambaye bado yu hai, kwa sababu ana vipande vya DNA ambavyo havikumfikia hata mjukuu mmoja.