Kazi ya meneja wa jiji, na namna ya kuifundisha

Miji mingi ya Marekani haiendeshwi na meya. Wananchi huchagua meya na madiwani, nao hupitisha bajeti na sheria ndogo, kisha humwajiri mtaalamu mmoja asimamie shughuli za kila siku: maji, barabara, zimamoto, taka, maktaba. Huyo ndiye meneja wa jiji. Staunton, Virginia, ilianza na kazi hiyo mwaka 1908, lakini mfumo ulijulikana kupitia Dayton, Ohio, iliyoukubali baada ya mafuriko ya 1913. Leo hata Phoenix, San Antonio na Dallas, zenye wakazi zaidi ya milioni moja kila moja, zinaongozwa hivyo.

Wengi huingia wakiwa na shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Huanza kama wanafunzi wa mazoezi kazini, kisha wachambuzi wa bajeti, kisha meneja msaidizi, kisha meneja wa mji mdogo. Ushauri wetu ni usiikwepe hatua ya bajeti. Kila idara hupita hapo na shida zake, na kosa linaloangusha miji mara nyingi huanzia hapo: kulipia gharama ya kila mwaka kwa fedha iliyopatikana mara moja.

Tuseme jiji limeuza kiwanja kwa dola milioni 3, likaajiri askari 12 wa zimamoto, kila mmoja akigharimu dola 100,000 kwa mwaka pamoja na bima na pensheni. Hiyo ni dola milioni 1.2 kila mwaka. Mwaka wa kwanza kila mtu anafurahi, na wa pili hakuna anayeuliza. Katikati ya mwaka wa tatu fedha ya kiwanja imekwisha, askari bado wako kazini, na baraza linapaswa kupandisha kodi au kupunguza watu. Fedha ile ingefaa kununulia gari la zimamoto au kukarabati kituo, kwa sababu hayo hulipiwa yakaisha.

Hatari nyingine ni baraza lenyewe. Baraza la watu watano huhitaji kura tatu kumwondoa meneja, na huenda asiwe amekosa lolote. Huenda uchaguzi umebadilisha viti viwili tu. Anachoweza kulinda ni imani yao. Diwani mmoja akiuliza swali, jibu liende kwa wote, siku hiyohiyo na kwa maneno yaleyale. Meneja anayemnong'oneza mmoja huwapoteza wanne. Maadili ya taaluma, yaliyoandikwa mwaka 1924, pia yanamkataza kumpigia kampeni mgombea yeyote.

Baada ya miaka ya kazi, baadhi huhamia darasani. Anayetaka nafasi ya kudumu ya utafiti huhitaji shahada ya uzamivu. Wa shahada ya uzamili mwenye uzoefu kwa kawaida hufundisha somo moja moja, mara nyingi jioni, kwa kuwa wanafunzi wengi wako kazini mchana.

Hapa ndipo mameneja wazuri hukwama. Hujaza saa tatu kwa visa vya kusisimua, na mwanafunzi hutoka akikumbuka kisa bila kujua kufanya chochote. Mpe bajeti halisi ya jiji, ambayo ni waraka wa umma, na umwandikishe taarifa ya kurasa mbili kwa baraza. Aya ya kwanza iseme baraza linaombwa kuamua nini na yeye anapendekeza nini. Zifuate gharama za mwaka huu, za mwaka ujao na chanzo cha fedha. Ziwepo njia mbadala, ikiwemo ya kutofanya lolote. Kisha asimame dakika tano mbele ya wenzake wanaokaa kama madiwani, wenye ruhusa ya kumkatiza. Unaposahihisha, tafuta kwanza gharama ya mwaka ujao. Ikikosekana, rudisha karatasi iandikwe upya. Ufasaha wa lugha hauwezi kuifidia.

Anayefundisha huku bado akiwa meneja asimpokee mtumishi aliye chini yake katika darasa lake, wala asigeuze shauri la nidhamu ya mfanyakazi kuwa mfano wa somo, hata akificha jina. Katika mji mdogo jina hujulikana kabla ya kipindi kuisha. Na kabla ya kusaini na chuo, aombe kibali cha baraza kwa maandishi, akitaja siku na saa za kipindi, kwa sababu mikataba mingi ya mameneja hudai ruhusa kwa kazi yoyote ya nje.